Kamba Kwanza, Nguzo Baadaye: Kuegemeza Mimea ya Bustani kwa Vitu Ulivyonavyo Nyumbani

Mnyanya wangu uliokuwa na afya kuliko yote ulinyauka siku moja mchana, upande wa juu tu, huku majani ya chini yakiwa mabichi kabisa. Niliumwagilia. Kesho yake ulikuwa umelegea zaidi. Nikaanza kupekua shina nikitafuta mdudu, na nilichokikuta ni kamba yangu mwenyewe: ule uzi mwembamba wa plastiki niliofungia mche wiki tano nyuma ulikuwa umezama ndani ya shina lililonenepa. Ulikuwa umelikata karibu nusu ya mzunguko wake. Mama alikuwa nyuma yangu. Aliinama, akaangalia, akasema, "Huu umeunyonga, mwanangu. Mti uliousimikia hauna kosa. Kamba ndiyo iliyouua."

Nguzo ile ilikuwa nzuri kweli, nilikuwa nimeitafuta kwa siku mbili. Kamba sikuifikiria hata dakika moja. Tangu hapo, kila mtu akiniuliza namna ya kuegemeza mimea bila kutumia fedha nyingi, namwomba aanze na kamba, kisha autazame mmea wenyewe unavyojishikilia, ndipo aingie stoo kutafuta nguzo. Vitu vya nyumbani vinavyofaa kazi hii ni vingi kuliko tunavyodhani, ila vingi tunavitumia mahali visipofaa, halafu tunarudi kusema vya kuokoteza havidumu.

Kamba bora ninayoijua ni fulana iliyochakaa. Iwe fulana ya kitambaa kinachovutika, kwa sababu kitambaa cha shati hakivutiki na kingo zake hutoka nyuzi. Anza kukata kwenye pindo la chini, upana wa vidole viwili, ukiizunguka fulana bila kukatisha, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ukifika kwapani acha. Sasa shika ncha ya utepe huo na uuvute taratibu: utaona kingo zinajikunja zenyewe kwa ndani, na utepe mpana unageuka kamba ya mviringo, laini, inayonyumbuka. Fulana moja ya mtu mzima hutoa mita nyingi, zinazotosha kitalu kizima. Kama ni ya pamba tupu, mwisho wa msimu inaweza kwenda kwenye mboji pamoja na mashina.

Soksi ndefu za nailoni nazo ni nzuri sana, pengine zinavutika kuliko fulana, na hazioziki, kwa hiyo zinafuliwa na kutumika tena. Mpira wa ndani wa baiskeli ukiukata vipande virefu unafaa miti michanga ya matunda na mashina mazito. Waya wa umeme wenye ganda la plastiki mimi nautumia kufungia nguzo kwa nguzo tu. Haugusi shina. Na uzi mwembamba wa plastiki, uwe wa gunia au wa kifungashio, siuweki tena kwenye mmea wowote unaonenepa.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na kamba yenyewe. Zungusha kamba kwenye nguzo kwanza na uikaze hapo, ili isiteleze kushuka. Halafu zipishanishe ncha mbili katikati ya nguzo na shina, uzipitishe nyuma ya shina, ufunge kwa kulegeza. Ukiangalia kutoka juu utaona namba 8: duara moja limeshika nguzo, duara jingine limeshika shina, na kati yao pana kifundo kidogo cha kitambaa kinachozuia shina lisisuguane na nguzo. Kidole chako kiweze kupita kati ya kamba na shina bila kulazimisha. Funga chini tu ya mahali jani linapochomoza, ili jani liwe kizuizi na shina lisiporomoke. Kwa nyanya naanza mche ukifika kama sentimita 30, kisha naongeza kifungo kingine kila sentimita 20 au 25 unavyorefuka.

Usiubane mmea hadi ushindwe kutikisika. Shina linaloyumba kidogo na upepo hujijenga likawa nene na gumu, na lililobanwa tuli hubaki jembamba na kumtegemea mlezi wake. Egemeo kazi yake ni kuzuia mmea usianguke.

Sasa mmea wenyewe. Hapa ndipo penye tofauti ambayo ingeniokolea misimu miwili kama ningeijua mapema. Mimea haishiki egemeo kwa namna moja. Maharage marefu hujizungusha kwa shina lake lote, na ukitazama kutoka juu yanazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiona ncha imepotea njia, irudishe kwa kuizungusha upande huohuo, maana ukiizungusha upande wa pili itajifungua yenyewe. Njegere haizungushi shina. Inanyoosha vikono vyembamba kama uzi kutoka ncha ya jani, na vikono hivyo vinashika vitu vyembamba tu, unene wa penseli au chini yake. Tango na pasheni pia hushika kwa vikono, vyenye nguvu zaidi. Mnyanya hauna kikono chochote wala haujizungushi. Usipoufunga utalala chini, majani yagusane na udongo, mvua irushe matope juu yake, na magonjwa ya ukungu kama bakajani yapate njia.

Tazama kikono cha tango siku mbili tatu baada ya kushika waya. Ncha ikishakaza, sehemu iliyobaki inaanza kujisokota kama springi, lakini nusu inasokota upande mmoja na nusu upande mwingine, na katikati pana kipande kifupi kilichonyooka. Charles Darwin, ambaye mwaka 1865 alichapisha uchunguzi wake wa mimea inayotambaa, aliliandika jambo hili. Springi hiyo inalivuta shina karibu na waya, na upepo ukija inarefuka na kurudi bila kukatika. Nilipoiona kwa macho yangu nilikaa pale bustanini muda mrefu, na tangu siku hiyo sijawahi kung'oa kikono kilichoshika ili tu kunyoosha mmea.

Ukishalijua hilo, stoo yako utaitazama kwa jicho jingine. Maharage yanataka kitu kirefu, chembamba, kilichosimama wima: mipini ya fagio, fimbo za pazia, bomba jembamba, hata kamba iliyoning'inizwa kutoka juu. Ubao mpana yanaushindwa. Kama ni ubao tu ulio nao, uzungushie kamba tangu chini hadi juu, yatafuata kamba. Fimbo tatu zikifungwa pamoja kwenye ncha na miguu ikatanuliwa zinasimama imara kuliko fimbo moja iliyozikwa sana, kwa sababu upepo ukisukuma upande mmoja miguu mingine miwili inashikilia.

Njegere zipe waya. Kifuniko cha waya cha feni iliyokufa ni hazina: kifunge kwenye fimbo mbili, kisimame wima kama jua linalochomoza, na njegere zitapanda miale yake zenyewe bila wewe kufunga hata kifundo kimoja. Rafu za waya za friji la zamani zinafanya kazi hiyohiyo zikiunganishwa mbili au tatu. Nyavu za vitunguu zikifumuliwa pembeni na kuvutwa kati ya fimbo mbili zinatosha kabisa, ila mwisho wa msimu ni vigumu kuzitenganisha na mabua makavu. Mwavuli uliovunjika nao, ukiuvua kitambaa, ukauchimbia mpini wake ardhini na kuteremsha nyuzi kutoka kila ubavu hadi chini, unakuwa kibanda kizuri cha njegere fupi.

Kwa matango nimejaribu mengi, na kilichonifurahisha zaidi ni pande mbili za kitanda cha mtoto, zile zenye vijiti vilivyosimama. Niliziegemeza moja kwa nyingine kama paa la nyumba, nikafunga juu kwa waya wa umeme, na kila mguu nikaukita kwenye kigingi. Matango yalipanda nje na matunda yakaning'inia ndani, yamenyooka, safi, rahisi kuyaona wakati wa kuchuma. Chini ya kivuli kile mboga za majani zilikaa laini muda mrefu kuliko zile za juani. Chaga za kitanda zinaweza kufanya kazi hiyo pia ukizipigilia misumari kwenye miti miwili mirefu.

Nyanya zinahitaji maneno zaidi. Kuna aina fupi, zinazosimama kukua zikifika kama mita moja, na kuna ndefu zisizoacha kurefuka, zinazopita mita mbili kwa urahisi. Mpini wa fagio unatosha zile fupi. Ndefu ukizipa mpini wa fagio, utajuta zikianza kuiva. Mwaka niliofanya hivyo, mipini yangu ilikuwa imezama ardhini kama shubiri moja tu, na ilionekana imara siku ile ya kupanda kwa sababu mche haukuwa na uzito wowote. Ikaja mvua ya usiku yenye upepo, majani yakabeba maji, matunda yakiwa yamejaa, na asubuhi mistari miwili yote ilikuwa imelala. Nilichuma mabichi kwa ndoo. Iliniuma.

Kwa hiyo pima nguzo kwa mmea uliokomaa, uliolowa, wenye matunda, siku ya upepo. Nguzo ya mita 1.8 izame sentimita 40 angalau, na kwenye udongo wa kichanga izame zaidi. Ikite kabla ya kupanda mche, au siku hiyohiyo, kwa sababu ukiipigilia baadaye unakata mizizi. Iwe sentimita tano hadi nane kutoka kwenye shina, upande upepo unakotokea mara nyingi, ili shina lisukumwe mbali na nguzo badala ya kusagwa juu yake. Mipini miwili mifupi unaweza kuiunganisha ipate urefu: ipishane sentimita 30 na uifunge sehemu mbili. Kifungo kimoja kitageuka kuwa bawaba.

Ukiwa na nyanya nyingi na nguzo chache, simika nguzo moja kila baada ya miche miwili au mitatu, kisha pitisha kamba ya fulana upande mmoja wa mstari na kuirudisha upande wa pili, ukiizungusha kwenye kila nguzo, miche ikae katikati kama imeshikwa na viganja viwili. Rudia kila inapopanda sentimita 20 hivi. Kwa njia hii hufungi mche mmojammoja na nguzo zinapungua sana, ila za mwishoni mwa mstari ziwe imara, maana ndizo zinazovutwa na mstari mzima.

Pilipili hoho hazianguki mapema, lakini matawi yake hupasuka yakibeba. Hanga ya waya iliyonyooshwa na kukunjwa mduara, ikifungwa kwenye vijiti vitatu, inayashika matawi yote pamoja. Tikiti dogo la kunukia lililopandishwa juu litahitaji machela: kipande cha soksi ya nailoni au mfuko wa wavu, kifungwe kwenye egemeo lenyewe, si kwenye shina. Tikiti la aina hii likiiva huachia kikonyo chake, na bila machela utalikuta limepasuka chini. Tikiti maji kubwa liache chini tu.

Pasheni nasema wazi: usiipandishe kwenye vitu vya kuokoteza. Inaishi miaka kadhaa, shina lake linakuwa mti, na uzito wake baada ya mvua ni mkubwa. Hapo ndipo ninapotoa fedha kununua nguzo na waya wa kweli, fedha ileile niliyoiokoa kwingine.

Kuna vitu nisivyovitumia hata vikiwa bure. Mbao za zamani zilizopakwa rangi, hasa zinazobanduka magamba, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa nazo nisipojua ni dawa gani naziacha mbali na mboga, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu nyingine. Na kila fimbo inayoishia usawa wa uso naivika kofia: kopo dogo, chupa ya plastiki, chochote. Mtu anayeinama kupalilia hatazami juu, na jicho halina spea.

Msimu ukiisha, toa kila kitu ardhini. Usiache nguzo zilale na udongo wake hadi upandaji ujao, kwa sababu vimelea vya magonjwa vinabaki kwenye matope yaliyokauka na kwenye nyufa za mbao. Mimi nasugua kwa brashi na maji kwanza, kisha naziloweka au kuzipangusa kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, naacha dakika 10, nasuuza, naanika juani. Klorini usiichanganye na siki wala sabuni nyingine ya usafi. Kamba zilizoshika mmea uliougua nazitupa. Zile nzima nazifua, nazifunga mafundo makubwa, na kuzitundika stoo kwenye msumari uleule unaobeba kifuniko cha feni.