Zima, Hamisha, Washa: Kwa Vijana Mnaojiandaa Kuhamisha Seva

Juzi kijana mmoja wa timu yetu aliniletea mpango wa kuhamisha raki mbili (makabati ya kufungia seva) kutoka chumba kimoja cha seva kwenda kingine. Mpango ulikuwa na mistari mitatu: Zima. Hamisha. Washa. Nikamwuliza, "Na katikati?" Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama kesho kutakucha. Sikuweza kumkasirikia sana, kwa sababu mpango wangu wa kwanza ulikuwa na mistari miwili. "Hamisha" niliona haina haja ya kuandikwa.

Haya wadogo zangu, kaeni kitako.

1. TTL (sekunde ambazo jibu la DNS, daftari la mtandao linalotafsiri majina kuwa anwani, linaruhusiwa kukumbukwa) ishusheni mapema. Kama anwani za IP (namba za seva kwenye mtandao) zitabadilika na rekodi yenu ya DNS ina TTL ya 86400, yaani siku nzima, kuishusha hadi 300 saa moja kabla ya kuzima ni kazi bure. Aliyeisoma dakika chache kabla hujaishusha ataing'ang'ania anwani ya zamani hadi kesho yake. Shusheni siku mbili kabla, na mkimaliza irudisheni.

2. Wiki moja kabla ya kuhama, izimeni kila seva na kuiwasha ikiwa bado palepale ilipo. Najua mnapenda kuonyeshana uptime (muda ambao seva imekaa bila kuzimwa). Hata mimi nilipenda.

Tulikuwa na seva ya hifadhidata ambayo haikuwa imezimwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Siku nyingine nilikuwa naingia humo bila kazi yoyote, naandika uptime, naitazama ile namba, natoka nimeridhika. Ikafika siku ya kuhama. Jumamosi saa kumi na mbili jioni tukaizima kistaarabu, tukaibeba watu wawili, mlangoni ikagonga fremu kidogo, tukaifunga kwenye raki mpya. Saa nne usiku ikawaka. Taa zote kijani. Huduma ya hifadhidata ikaanza yenyewe bila kulalamika. Nikaingia kuangalia majedwali ya wateja. Hayapo. Hakukuwa na jedwali hata moja, la wateja wala la nani.

Nikaukumbuka ule mlango. Nikajiambia diski zimekufa. Wenzangu wananitazama, mkubwa pale ni mimi, basi nikatoa amri kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya: "Tunarudisha bekapu." Bekapu yenyewe ilikuwa ya saa nane za usiku wa kuamkia Jumamosi, maana yake kazi yote ya Jumamosi kutwa tumeshaisamehe. Alfajiri nikaandika barua pepe ya kuomba radhi kwa wakuu wa idara. Jumapili huduma zikarudi, watu wakaendelea kuingiza data. Jumatatu saa tano asubuhi kila kitu kikakwama: diski imejaa. Nikapiga df (amri inayoonyesha diski zinazotumika na zilivyojaa) nione kilichoijaza. Diski ya mfumo, asilimia 100. Na ile diski kubwa ya data? Haimo kwenye orodha. Nikapiga lsblk, amri inayoonyesha kila diski iliyomo, hata isiyotumika. Ipo! Nzima, imekaa kimya, haijapachikwa popote, yaani haijaunganishwa na saraka (folda) yoyote ili itumike.

Miaka mitatu nyuma kuna mtu aliipachika kwa mkono, asiandike mstari wake kwenye fstab, faili linaloiambia seva ipachike diski zipi kila inapowaka. Kwa hiyo seva ilipowaka ilikuta saraka tupu, na ile skripti ya kuanzisha huduma, kwa ukarimu wake, ikatuundia hifadhidata mpya isiyo na kitu. Data yetu yote, hadi muamala wa mwisho wa Jumamosi jioni, ilikuwa salama pembeni, huku mimi namwaga bekapu ya zamani kwenye diski isiyohusika. Sasa tukawa na hifadhidata mbili, namba za risiti zinagongana, na kila idara inaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Kuziunganisha kulituchukua siku tisa. Siku ya tatu nikaenda kuitafuta tiketi ya zamani ya kuongeza ile diski, nimjue huyo mzembe. Aliyeifunga kwa neno "imekamilika" ni mimi.

Kwa hiyo: lsblk kwanza, bekapu baadaye.

3. Kwenye swichi za mtandao, kilichomo kwenye running-config (mipangilio inayotumika kwa sasa) hufa umeme ukikatika. Hifadhini kabla ya kuchomoa.

4. Wekeni betri za CR2032, zile za saa ya ndani ya seva, mfukoni. Seva kuukuu ikikaa saa chache bila umeme, saa yake inaweza kurudi miaka nyuma, na hapo vyeti vya TLS (vinavyothibitisha utambulisho wa seva) vinakataliwa kwa kuwa muda wake "haujaanza", na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wanaoingia, ambayo kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, inafunga mlango. Nimewahi kuwaona watu wazima wakibadilisha nywila za watumiaji saa tisa za usiku kwa sababu ya betri ndogo kama kitufe cha koti.

5. Mtandao uwake kwanza, kisha hifadhi (diski za pamoja), DNS, hifadhidata, na programu mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Na kama DNS yenu ni mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva) inayoishi kwenye hifadhi inayopachikwa kwa jina, hilo jina nani atalitafsiri? Mna wiki moja ya kutafuta jibu.

6. Pigeni picha mgongo wa raki. Lebo ziwe ncha zote mbili za kebo. Mpango chapisheni kwenye karatasi pamoja na namba za simu, kwa sababu yupo aliyeuweka kwenye wiki ya ofisi (tovuti ya ndani ya kuandikia kumbukumbu), iliyokuwa ndani ya seva namba moja kwenye orodha yake ya kuzima. Simtaji, anasoma hapa.

7. Tangazo liandikwe 20:00, msiandike "saa 2". Nusu ya watu watawasubiri asubuhi.

8. Barua pepe zitakazotumwa wakati mmezima zisiwatie presha. Seva zinazotuma kwa kawaida hujaribu tena kwa siku kadhaa, mradi DNS ya kikoa chenu inajibu. Kengele za ufuatiliaji zinyamazisheni, ila kwa muda maalumu, la sivyo zitanyamaza hadi siku mtakayozihitaji.

9. Amueni kabla ya kuanza ni saa ngapi mtakata tamaa na kurudi nyuma. Ukishachoka huwezi kuamua hilo.

Jana yule kijana amerudi na kurasa nne. Nimezisoma zote, nzuri kabisa, hata mpangilio wa diski kwenye nafasi zake kauchora. Nikamwuliza ufunguo wa chumba kipya anao nani usiku wa Jumamosi. Amekwenda kuulizia.