Maswali ya Wasomaji: Albamu Iliyokamilishwa Baada ya Msiba

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ameniachia albamu ya Eat a Peach ya Allman Brothers Band, kundi la roki la Marekani, yenye santuri mbili. Binamu yangu wa Arusha, mpenzi wa dansi, anasema ni viraka vitupu: nyimbo za studio zimechanganywa na za jukwaani, na mmoja unazidi nusu saa. Je, kuna jambo linalotupita?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Viraka vipo, ila vina sababu. Duane Allman, kiongozi na mpiga gitaa wa kundi, alifariki kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka 24, na kazi ya studio ilikuwa bado haijakamilika. Wenzake hawakutafuta mpiga gitaa mwingine wa kujaza nafasi yake, bali walirekodi nyimbo tatu wao wenyewe, wakaziunganisha na zile alizokwisha kuzipiga pamoja na rekodi za ukumbi wa Fillmore East, New York, na albamu ikatoka Februari 1972.

Mwombe binamu yako ahesabu magitaa. Upande wa kwanza ndio wenye nyimbo hizo tatu, na humo Dickey Betts, mpiga gitaa wa pili wa kundi, anabeba peke yake mzigo uliokuwa wa watu wawili. Katika wimbo wa kwanza analazimika hata kupiga kwa kutelezesha, mtindo ambao Duane alijulikana nao kwa kupitisha kichupa cha dawa juu ya nyuzi. Upande huo unafungwa na "Melissa", wimbo wa Gregg, mdogo wake Duane, ambao marehemu aliupenda sana.

Kisha weka santuri ya pili, upande wake wa kwanza, kwa kuwa huko Duane yupo. Katika "Blue Sky" anatangulia yeye kupiga solo, wanakutana na Betts wakipiga kwa sauti mbili zinazooana, halafu Betts anaendelea. Mzoefu wa dansi, aliyezoea gitaa moja la solo na jingine la rithimu, atatambua mara moja kwamba hapa hakuna mtumishi wala bwana, na kwa maoni yangu hakuna dakika tano bora kuliko hizo katika albamu nzima. Baada yake inafuata "Little Martha", utunzi wa Duane mwenyewe, wa magitaa mawili makavu bila uimbaji, nao ni mfupi mno.

Kuhusu "Mountain Jam", wenye takriban dakika 33, santuri iliwalazimu kuukata vipande viwili, na kila kipande kikachukua upande mzima. Solo ya ngoma inahitaji uvumilivu, sitaficha, lakini besi ya Berry Oakley, ambaye naye alifariki kwa ajali ya pikipiki mjini Macon Novemba 1972, inastahili kusubiriwa. Uachieni siku ambayo hamna haraka.