Bima yangu ya pikipiki inavuka Holili?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Majengo, Moshi. Pikipiki yangu ina bima ndogo. Nataka kumpeleka mke wangu kwao Voi, Kenya, kupitia mpaka wa Holili. Inatosha? Bima kubwa siimudu.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, tena huku kwetu tu. Ukiingia Taveta, upande wa Kenya, unahitaji Kadi ya Njano, yaani bima ya kuvuka mipaka ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika); Tanzania imo katika mpango huo, ingawa yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000. Iombe kwa kampuni iliyokukatia bima, kabla hujafika mpakani. Inabeba madai ya watu utakaowaumiza kwa mujibu wa sheria za Kenya, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Mkeo atakaa nyuma, kwa hiyo dai jibu la maandishi kuhusu abiria wa pikipiki. Pikipiki ikiibwa Voi, kadi hiyo haikulipi hata shilingi.

Unafuu? Zungukia mawakala kadhaa, kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Na kama unabeba abiria wa kulipa, nakusihi usiiandikishe kuwa ya binafsi ili upunguziwe. Ukipata ajali, kampuni inaweza kukataa kulipa.