Kuseresha mkia (drift) wa Toyota Mark II: anza na duara

Kaka, kama unauliza pa kuanzia kujifunza kutelezesha nyuma ya gari, handibreki iache kwanza, na kona pia. Tafuta uwanja mtupu uliolowa maji (si barabarani!), zima TRC (mfumo unaozuia tairi kuserereka) kama ipo, weka gia ya 2, zungusha duara taratibu halafu kanyaga mafuta mpaka mkia utoke. Wengi huharibu hapo: wanashtuka, wanaachia mafuta ghafla, tairi za nyuma zinashika tena na gari linawarusha upande wa pili. Punguza kidogo kidogo. Usukani uache ujirudishe wenyewe mikononi, macho yawe unakotaka kwenda. Difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) ikiwa ya kawaida, mara nyingi tairi moja tu ndiyo itaserereka, ndiyo maana nasema maji: mkia unatoka kirahisi.