Mama kang'olewa magego mawili, aweke nini?

Dada, umesema mama yako ana miaka 61, kang'olewa magego mawili ya chini, ana kisukari, na daktari kamtajia njia tatu: kipandikizi, daraja au meno ya bandia ya kuvua. Mimi ningeanza na sukari kabla ya bei. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, na mara nyingi mfupa huhitaji kama miezi 3 hadi 6 kuishika sawasawa ndipo jino lifungwe juu yake. Sukari ikiwa inapanda ovyo, kidonda huchelewa kupona na skrubu inaweza kulegea. Ikiwa imetulia, kisukari peke yake hakimzuii, na hakuna njia nyingine itakayomrudishia nguvu ya kutafuna kama hiyo.

Daraja, yaani meno ya bandia yanayoziba pengo kwa kushikizwa kwenye meno ya jirani, halichukui muda mrefu, ila meno hayo ya jirani lazima yachongwe ili yavishwe kofia za kulishika. Kama ni mazima kabisa, naona uchungu kuyachonga. Na kama nyuma ya pengo hakuna jino, daraja la kawaida halina pa kushika.

Meno ya kuvua ndiyo nafuu. Usiku ayatoe ayaloweke kwenye maji ya kawaida, maana ya moto huyapinda. Akiyasugua, aweke beseni la maji chini yake, kwani yakidondoka sakafuni huvunjika.

Ila asikae na pengo miaka nenda rudi: jino la juu huanza kushuka, ya pembeni hulala, na mfupa unasinyaa. Apigwe eksirei kwanza, kisha ndiyo achague.