Barua pepe za blogu zimekatika, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Tanga, na ugonjwa wangu ni kusoma blogu: za mapishi, za kilimo na mbili tatu za habari. Zamani nilijiandikisha kwa barua pepe, makala ikitoka naletewa. Mwaka 2021 zikakatika ghafla, wala sijui nilikosea wapi. Nikahamia kurasa zao za Facebook, nako naletewa mambo ya watu nisiowajua. Siku hizi nafungua blogu moja moja kila asubuhi. Bando linakwisha na mara nyingi sikuti jipya. Natumia simu ya Android.

JIBU: Nzuri, dada yangu. Hukukosea popote. Blogu nyingi za kwetu ziko kwenye Blogger, huduma ya Google ya kutengenezea blogu, na kile kisanduku cha kuandika barua pepe kilikuwa kinategemea FeedBurner, huduma ambayo Google iliinunua 2007. Julai 2021 FeedBurner iliacha kutuma barua. Mwanablogu ambaye hakuhamishia orodha yake kwenye huduma nyingine aliwapoteza wasomaji wake hivyo hivyo, kimyakimya. Facebook nayo usiisubiri: kule kompyuta ndiyo inayokuchagulia cha kuona.

Unachohitaji ni mlisho, ambao sisi mafundi tunauita RSS. Ni faili lisilo na mapambo: kichwa cha makala, tarehe, kiungo na maandishi yenyewe. Mwenye blogu akichapisha tu, faili linajisasisha. Teknolojia hii ipo tangu 1999, na karibu kila blogu ina mlisho wake hata kama mwenyewe hajui.

Pakua programu ya kusomea milisho, Feedly au Inoreader. Akaunti ya bure inakutosha kabisa. Nakili anwani ya blogu, ibandike kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya programu, nayo itautafuta mlisho yenyewe. Ikigoma, isaidie. Blogu ikiwa ya Blogger, mwishoni mwa anwani ongeza /feeds/posts/default. Ikiwa ya WordPress, huduma nyingine ya kutengenezea blogu, ongeza /feed/. Ukijaribu kuifungua anwani hiyo kwenye kivinjari unaweza kukuta msitu wa alama na mabano. Usishtuke, hayo ni maandishi ya kusomwa na programu.

Na kwa kuwa umetaja mapishi, kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Kuna blogu zinazochanganya kila kitu, leo pilau kesho siasa. Kwenye Blogger unaweza kufuata lebo moja tu, yaani jina la mada ambalo mwenye blogu huipa makala: /feeds/posts/default/-/Mapishi. Andika lebo herufi kwa herufi kama alivyoiandika mwenyewe. Siasa hutaziona tena.

Kuhusu bando, hapo ndipo utakapopumua. Kazi ya kuzunguka blogu zote kutazama kama kuna jipya inafanywa na kompyuta za Feedly au Inoreader, siyo simu yako. Wewe unapokea makala mpya tu. Kinachokula MB hapo ni picha.

Utakuta baadhi ya blogu zinatoa aya moja tu kwenye mlisho, halafu kiungo cha kuendelea kusoma. Huo ni uamuzi wa mwenye blogu, anataka ufike kwenye ukurasa wake wenye matangazo. Simlaumu, matangazo ndiyo yanayomlipia bando lake yeye.

Mwanablogu akikualika WhatsApp, chagua chaneli kuliko kundi. Kwenye chaneli wafuasi wenzako hawaioni namba yako. Kwa blogu moja au mbili inafaa. Zikiwa kumi na mbili viungo vitafukiwa na salamu za asubuhi.

Ila kile kidirisha kinachoruka ukifungua tovuti, kinachokuomba uruhusu arifa, kikatae. Matapeli wanakipenda sana. Simu nyingi ninazoletewa zikilia ovyo na matangazo ya ajabu, chanzo ni hicho. Kama uliwahi kuruhusu, ingia kwenye mipangilio ya Chrome, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, ufute usizozitambua.

La mwisho ni orodha yako ya blogu unazofuata: ihifadhi, maana programu nazo hufungwa. Google Reader, programu ya kusomea milisho iliyokuwa na watu wengi, ilifungwa 1 Julai 2013. Mimi nilikuwa nimeshapakua orodha yangu, nikaipandisha kwenye programu nyingine jioni hiyo hiyo na kuendelea kusoma. Faili la orodha hiyo linaitwa OPML. Fungua tovuti ya Feedly au Inoreader kwa kivinjari, tafuta sehemu ya kuhamisha milisho, upakue, kisha ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Ukiongeza blogu mpya, pakua tena.