Uko Ahmedabad na mgonjwa? Usijifungie hotelini

Waliowahi kwenda India na mgonjwa wanajua, kuna saa nyingi za kukaa tu, mnasubiri majibu ya vipimo, mgonjwa kalala, wewe uko chumbani na simu mpaka macho yanauma. Mimi nilikuwa Ahmedabad, Gujarat, na shangazi yangu, na ushauri wangu kwa anayekwenda ni huu: mgonjwa akishatulia na kuna wa kukaa naye, chukua bajaji (ziko tele, ila patana bei kabla hujapanda) mwambie dereva akupeleke "Sidi Saiyyed ni Jali" (ni Kigujarati, yaani jali ya Sidi Saiyyed, na jali ni dirisha la jiwe lililochongwa matundu).

Ni msikiti mdogo tu, umezungukwa na barabara zenye honi mwanzo mwisho. Ulijengwa kama 1573 na aliyeujenga ni Mwafrika mwenzetu, Mhabeshi, Sidi Saiyyed, maana Sidi ndivyo wanavyoitwa watu wa asili ya Afrika kule, na mpaka leo wapo Gujarat. Sasa angalia yale madirisha ya ukuta wa magharibi. Jiwe limechongwa mti mzima, shina, matawi yanapishana na kujikunja mpaka juu, matundu kila mahali kama kitambaa cha lesi. Nenda alasiri, jua likiwa upande ule linapenya kwenye matundu na mti wote unawaka. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Shuleni tulisoma Waafrika walivushwa bahari wakiwa watumwa, basi, sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kuna waliofika kuwa makamanda na wajenzi wa kazi kama ile! Watoto wetu waambiwe jamani.

Mji wenyewe aliuanzisha Sultani Ahmed Shah 1411, na Msikiti wa Ijumaa, wa 1424, una msitu wa nguzo ndani. UNESCO waliuingiza mji mkongwe kwenye urithi wa dunia 2017, wa kwanza India nzima. Ila usikimbilie majengo makubwa peke yake, ingia kwenye pol, ile mitaa ya vichochoro yenye geti moja na nyumba za mbao zilizochongwa, kama umekulia Unguja au Mombasa zile nakshi za milangoni utazijua tu, mafundi wa Kigujarati wamechonga sana milango ya pwani yetu. Asubuhi mapema kuna matembezi ya kuongozwa, yanaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur.

Mgonjwa akipata nguvu kidogo mpeleke Sabarmati kwenye ashram ya Gandhi, yaani makazi aliyoishi na wafuasi wake, alipotokea Machi 12, 1930 kwenda kuchota chumvi baharini kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Ni ukingoni mwa mto, kuna miti na kivuli, shangazi alikaa pale akapumua vizuri. Kile kisima cha Adalaj, cha 1499, unachoshuka ndani kwa ngazi za mawe, ni kizuri mno na chini kuna baridi hata nje kukiwaka moto, lakini ngazi ni nyingi na kiko nje ya mji, hapo nenda mwenyewe mgonjwa apumzike.